Stashahada au Shahada ya Uuguzi: Hesabu za Familia za Kitale na Bungoma

Miaka ya karibuni matokeo ya KCSE yamekuwa yakitangazwa Januari, wakati mahindi ya Trans Nzoia na Bungoma yamekwisha kuvunwa na mengine yangali ghalani yakingoja bei ipande. Kwa familia nyingi za Kiminini, Endebess, Kimilili na Chwele, karo ya chuo imo ndani ya magunia hayo. Ndipo mazungumzo yanapoanza nyumbani: mtoto kapata alama hizi, anataka uuguzi, je, aende KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, au angoje chuo kikuu?

Makala hii inawalenga wazazi, walimu washauri na watahiniwa wa kaunti hizi mbili. Hoja yake kuu ni kwamba anayeanza na stashahada hajajishusha, mradi aanze akijua atakavyopanda hadi shahada, na mradi kaunti itakayomwajiri iwe tayari kumtambua akishapanda. Sharti hilo la pili ndilo linalosahaulika, na ndilo linalowaumiza wauguzi wengi.

Tuanze na njia zenyewe. Stashahada ya uuguzi wa afya ya jamii, inayojulikana na kila mtu kwa herufi zake KRCHN, husomwa kwa takriban miaka 3. KMTC ina kampasi Kitale, Bungoma na Webuye, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kusoma huku akilala kwao au kwa jamaa, na hilo si jambo dogo kwa anayehesabu nauli. Shahada, yaani BScN, huchukua miaka 4 darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini ambao wenyewe huuita intanshipu. Kwa shahada, wa Bungoma hutazama Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilichoko Kakamega, na wa Kitale hutazama Chuo Kikuu cha Moi, ambacho wanafunzi wake wa afya wako Eldoret, mwendo wa kilomita 70 hivi.

Mlango wa kila njia una kizingiti chake. KRCHN inadai wastani wa C, pamoja na C katika Kiingereza au Kiswahili, C katika Biolojia, na angalau C- katika Hisabati, Fizikia au Kemia. BScN inadai wastani wa C+, na C+ hiyo hiyo katika Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na lugha mojawapo. Hapa ndipo watoto wengi wanapokwama bila kutarajia. Mtu anaweza kuwa na wastani wa B- akakosa BScN kwa sababu Kemia ilimtoka kwa C. Mwalimu mshauri anayemwambia mwanafunzi aache Fizikia na kutegemea Hisabati peke yake anapaswa kumweleza pia kwamba Hisabati ikimwendea vibaya, shahada ya uuguzi imefungwa.

Katika KCSE ya 2024 watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata C+ na kwenda juu walikuwa 246,391, kama robo tu. Kwa robo tatu iliyobaki swali la shahada moja kwa moja halipo. Wenye C miongoni mwao wana stashahada, na mjadala wao haufai kuendeshwa kwa sauti ya pole, kama kwamba wamekosa treni.

Ukiingia wodi ya kujifungulia usiku wa manane, itakuwa vigumu kumtambua mwenye shahada na mwenye stashahada. Mama akishafika hatua ya uchungu wenyewe, muuguzi hufungua karatasi ya patografu. Kila nusu saa husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kuweka nukta. Kila baada ya saa 4 hupima njia ilivyofunguka na kuweka alama ya X. Kwenye karatasi ile inayotumika miaka mingi kuna mistari miwili ya mshazari, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, iliyoachana kwa saa 4. Alama za X zikianza kuangukia kulia kwa mstari wa kwanza, muuguzi wa zahanati hana budi kutafuta gari la wagonjwa kabla ya mstari wa pili kufikiwa. Kusoma karatasi hiyo hufundishwa KMTC na hufundishwa chuo kikuu. Wote wawili hufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, na bila kufaulu huko hakuna usajili, uwe na digrii au usiwe nayo.

Tofauti huonekana nje ya zamu. Mwenye shahada amesoma zaidi utafiti, uongozi wa wodi na kufundisha wengine, na ndiye anayeweza kuendelea hadi uzamili au kwenda kuwa mhadhiri. Halafu kuna mshahara. Katika mpango wa utumishi wa wauguzi serikalini, mwenye stashahada huanzia kundi la kazi H na mwenye shahada huanzia K. Makundi hayo yako mbali: aliyeanzia H huweza kutumikia miaka mingi kabla ya kufika pale mwenzake alipoanzia.

Upande mwingine wa hesabu ni muda. Aliyeingia KMTC mwaka mmoja na mwenzake aliyeingia chuo kikuu atakuwa amesajiliwa na kutafuta kazi wakati mwenzake yumo mwaka wa mwisho, na bado huyo mwenzake anangojewa na intanshipu. Mwaka huo wa intanshipu una adha yake. Mara kadhaa wahitimu wa kozi za afya wamekaa nyumbani wakingoja kupangiwa hospitali, na malipo ya wanagenzi yaligombaniwa hadharani mwaka 2024. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mtoto asome miaka 4 anastahili kuambiwa mapema kwamba wa tano haumo mikononi mwake.

Wala kusajiliwa si kuajiriwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali iliwachukua maelfu ya wahudumu wa afya kwa kandarasi za miaka 3 chini ya mpango wa afya kwa wote. Mwaka 2025 wengi wao walikuwa wamepiga kambi nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya jijini Nairobi, wakidai ajira ya kudumu. Walikuwamo wenye stashahada na wenye shahada. Foleni ya ajira haikuwabagua.

Sasa kuna simu kutoka Marekani. Karibu kila ukoo wa Kitale na Bungoma una shangazi au binamu Minnesota, Texas au Massachusetts, na wengi wao wako kwenye kazi ya kuuguza. Shangazi husema: mtoto asipoteze miaka 4, mimi nilisoma miaka 2 nikawa RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa. Anasema kweli, ila anaeleza jambo la kwao. Marekani ina shahada ndogo ya uuguzi ya miaka 2 inayotolewa na vyuo vya jamii. Iliasisiwa na Mildred Montag wa Chuo cha Walimu, Columbia, mapema miaka ya 1950, ili kuziba upungufu wa wauguzi baada ya vita. Mwenye shahada hiyo na mwenye shahada kamili hufanya mtihani mmoja wa leseni, NCLEX-RN. Wakenya wengi walioko huko wamepita hapo: huanza kwa kuwatunza wazee, husoma chuo cha jamii jioni, kisha hukamilisha shahada wakiwa kazini. Stashahada ya KMTC si kozi hiyo, na mtoto aliyeko Saboti hawezi kuiiga ramani ya mtu aliyeko Minneapolis.

Hata hivyo kuna la kujifunza kwao. Mjadala wetu wao wameuendesha kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1965 Chama cha Wauguzi cha Marekani kilitaka shahada kamili iwe ndiyo mlango wa kuingilia taaluma, na hadi leo haijawa hivyo nchi nzima. Jimbo la New York lilipata suluhisho mwaka 2017, lilipopitisha sheria kwamba muuguzi mpya anaweza kuanza kazi na shahada ndogo, lakini awe na shahada kamili ndani ya miaka 10. Mlango wa kuingilia uliachwa wazi, na ngazi ikawekwa ndani.

Msukumo wa kudai shahada ulipata nguvu kutokana na utafiti. Linda Aiken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichunguza wagonjwa wa upasuaji katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, wakachapisha matokeo mwaka 2003: hospitali yenye asilimia 10 zaidi ya wauguzi wenye shahada ilikuwa na uwezekano wa vifo uliopungua kwa asilimia 5. Mwaka 2014 walirudia katika nchi 9 za Ulaya na kupata tofauti ya asilimia 7. Utafiti huo huo wa Ulaya ulionyesha jambo la pili, ambalo wapenda digrii hulipita haraka: kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi huongeza uwezekano wa kifo kwa asilimia 7.

Bungoma inalifahamu jambo hilo la pili kwa uchungu. Juni 2013 serikali ilitangaza huduma ya bure ya kujifungua katika vituo vya umma, na akina mama wakafurika. Agosti mwaka huo mwanamke mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali kuu ya Bungoma, akatukanwa na kupigwa na wauguzi. Machi 2018, Mahakama Kuu iliyoketi Bungoma, chini ya Jaji Abida Ali-Aroni, iliamua kwamba haki zake zilivunjwa na kumpa fidia ya shilingi milioni 2.5. Lawama haikuwaangukia wauguzi peke yao. Mahakama iliona kwamba serikali ya taifa na ya kaunti hazikuweka rasilimali na miongozo ya kuibeba ahadi iliyotolewa.

Hakuna cheti kinachohalalisha mama kupigwa, na hakuna digrii inayomwezesha muuguzi mmoja kuwa kwenye vitanda kumi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana haifai kuzungumzia stashahada na shahada kana kwamba ubora wa huduma umo katika karatasi pekee. Kaunti inayotaka wodi salama inahitaji wauguzi wengi, na miongoni mwao waliosoma zaidi. Kwa kaunti zenye bajeti ya Bungoma na Trans Nzoia, stashahada ndiyo inayoleta wengi.

Wanaofikiria Ughaibuni nao wahesabu vizuri. Saudi Arabia, ambako Wakenya wengi hutazama, humsajili mwenye shahada kama mtaalamu wa uuguzi na mwenye stashahada kama fundi wa uuguzi, na daraja hilo huamua kazi na malipo. Uingereza ilitia saini mkataba wa kuajiri wahudumu wa afya kutoka Kenya Julai 2021, na huko mitihani ya lugha na ya vitendo ndiyo inayowakwamisha wengi.

Basi ushauri uwe upi? Msichana wa eneo la Kwanza, Trans Nzoia, aliyepata C+ katika masomo yote yanayotakiwa, akapangiwa BScN na serikali na kupata ufadhili na mkopo, aende chuo kikuu bila kusitasita. Mwenzake mwenye alama zile zile ambaye nafasi pekee aliyopata ni ya kujilipia kila kitu, kiasi kwamba shamba la familia litawekwa rehani, achukue KRCHN, afanye kazi, kisha aongeze masomo akiwa na mshahara wake. Vyuo vikuu kadhaa hupokea wenye stashahada kwa kozi fupi zaidi ya BScN, ikiwamo ya masafa. Mwenye C atapata shahada kwa njia hii hii, na hakuna mgonjwa atakayemuuliza alianzia wapi.

Katika kila hali, jambo la kwanza la kuthibitisha ni kama chuo kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi kufundisha kozi hiyo. Mwanafunzi huorodheshwa na Baraza mwanzoni mwa masomo, na asiyeorodheshwa hataruhusiwa kufanya mtihani wa usajili hata awe amelipa karo yote. Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa iko kwenye tovuti ya Baraza, na mzazi anaweza kuiangalia kwenye simu kabla ya kutuma hata shilingi moja. Chuo kinachosema idhini "iko njiani" kiachwe.

Kenya imewahi kuonyesha kwamba ngazi ya kupanda inaweza kujengwa. Mwaka 2005 shirika la afya la Amref, Baraza la Wauguzi na washirika wao walianzisha masomo kwa njia ya kompyuta ili wauguzi wenye cheti, zaidi ya 20,000 nchini, waweze kufikia stashahada bila kuacha vituo vyao vya kazi. Muuguzi wa zahanati ya mbali alisoma usiku, asubuhi akafungua mlango wa kliniki kama kawaida.

Kinachokosekana sasa kiko kwenye ofisi za bodi za utumishi wa kaunti. Tangu afya igatuliwe mwaka 2013, kupandishwa cheo kwa muuguzi kumetegemea bajeti ya kaunti. Muuguzi anayejilipia karo, anayesafiri kila wikendi kwenda darasani na kurudi kazini Jumatatu, anaweza kuhitimu BScN akabaki kwenye kundi lile lile la kazi kwa sababu hakuna nafasi iliyotengewa fedha. Trans Nzoia na Bungoma zinaweza kuanza na mambo mawili. La kwanza ni kuweka kwenye bajeti ya kila mwaka idadi ya wauguzi watakaopandishwa daraja baada ya kuhitimu, na kuitangaza mapema ili wanaosoma wajue foleni yao. La pili ni kumpa muuguzi likizo ya masomo yenye mshahara kwa sharti la kurudi na kutumikia kaunti kwa muda uliokubaliwa. Wodi mpya, zikiwamo za Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Wamalwa Kijana ya Kitale, zinahitaji wasimamizi waliosoma uongozi, na watu hao tayari wamo kwenye orodha za mishahara za kaunti wakiwa na stashahada mkononi.