KODI YA MAJENGO NA HAKI YA WAZEE WETU
Mada kwa viongozi wa Halmashauri ya Walei na wa jumuiya ndogo ndogo, Ikungi



Mada tuliyoichagua leo inahusu fedha kidogo. Ni fedha ambayo mwenye duka hawezi kuikosea usingizi, lakini kwa bibi anayeishi peke yake na kungojea bei ya alizeti, ni chumvi, mafuta ya taa na nauli ya kwenda hospitali ya Makiungu. Tunazungumzia kodi ya majengo inayokatwa kwa watu ambao sheria imekwisha kuwasamehe.

Tuseme tangu mwanzo kwamba hatukuja hapa kufundisha watu kukwepa kodi. Barabara, zahanati na madarasa hujengwa kwa kodi, na raia mwema hulipa sehemu yake. Lakini haki ina pande mbili. Kama ni kosa kutolipa unachodaiwa, si sawa pia kutozwa usichodaiwa na kunyamaza kwa sababu hujui.

1. TULIKOTOKA

Nchi yetu inaijua kodi ya nyumba tangu zamani. Wajerumani waliianzisha mwaka 1897, na Waingereza wakaiendeleza kwa kuitoza pamoja na kodi ya kichwa. Enzi hizo vilihesabiwa vibanda, na mume wa wake wawili alilipia vibanda viwili. Kodi ya maendeleo, ambayo wengi tuliilipa tukiwa na nguvu zetu, ilifutwa mwaka 2003.

Kodi ya majengo tuliyo nayo ina mizizi katika Sheria ya mwaka 1983 iliyozihusu mamlaka za miji. Kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa halmashauri. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ulipewa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Baadaye viwango vikarahisishwa, na nyumba ya kawaida ikatozwa shilingi 10,000 kwa mwaka.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2021. Kuanzia Agosti mwaka huo kodi ilianza kukatwa kila mwezi kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida, yaani 12,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa kuwa 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Usiponunua umeme mwezi mmoja, deni hukungojea hadi utakaponunua.

Utaratibu huu una wepesi wake: hakuna foleni, hakuna mkusanyaji wa kugombana naye mlangoni. Lakini mkusanyaji wa zamani alikuwa na macho. Alipofika nyumbani aliona mzee amekaa kivulini na fimbo yake. Mita haioni. Haijui kama aliyenunua umeme ana miaka 30 au 80, wala kama nyumba ni ya matofali au ni tembe. Mita hukata tu, mpaka mtu aende ofisini akaseme.

2. NANI AMESAMEHEWA?

Katika utaratibu huo wa kodi ya majengo walitajwa hawa:

(a) Mzee mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, kwa nyumba yake moja anayoishi mwenyewe, isiyotumika kwa biashara.

(b) Mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, kwa nyumba anayoishi.

(c) Nyumba za tembe, za udongo na za nyasi. Jambo hili latuhusu sana sisi wa Singida, kwa maana tembe ni nyumba ya mababu zetu, na siku hizi umeme umeingia hata katika tembe.

Aidha, kuna makosa mengine mawili yanayofanana na haya. La kwanza ni la nyumba moja yenye mita mbili au zaidi: kila mita ikikata, nyumba hiyo hiyo imelipiwa mara mbili. La pili ni la mpangaji. Kodi hii ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anayekatwa kwa kuwa ndiye anunuaye umeme amelipa deni la mwingine, na inafaa wapatane kwa maandishi kwamba fedha hiyo itapunguzwa katika pango.

3. HABA NA HABA

Wengine watasema, "Shilingi 1,500 ni nini?" Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi tunaongeza kwamba haba na haba hukimaliza pia.

Tumchukue mama mjane mwenye miaka 70, aliyekatwa kila mwezi tangu Septemba 2021. Hadi Juni 2023 ni miezi 22 ya shilingi 1,000, yaani 22,000. Kutoka Julai 2023 hadi Juni 2025 ni miezi 24 ya shilingi 1,500, yaani 36,000. Jumla ni 58,000. Bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa, ilipoanzishwa mwaka 2018, iliitaka kaya ya watu sita ichangie 30,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mama huyu ametoa, pasipo kudaiwa, karibu matibabu ya kaya nzima kwa miaka miwili.

4. JINSI YA KUDAI

Kwanza, tusome risiti. Ujumbe wa LUKU huonyesha fedha ya umeme, VAT, tozo ya REA na ya EWURA, na kodi ya jengo iliyokatwa. Vijana wawasomee wazee. Ujumbe usifutwe. Kama umepotea, andikeni namba ya mita mkaombe TANESCO kumbukumbu za manunuzi.

Pili, tukusanye vielelezo: kitambulisho cha taifa au uthibitisho mwingine wa umri, namba ya mita, barua ya mwenyekiti au ya mtendaji inayotaja kwamba mwombaji ndiye mwenye nyumba na anaishi humo, na maelezo ya aina ya nyumba kama ni tembe au ya udongo.

Tatu, tuandike barua yenye maombi mawili. Hapa ndipo watu wengi hupoteza haki yao. Ombi la kwanza ni kusimamisha makato. Ombi la pili ni kurudishiwa, au kuhesabiwa mbele, kile kilichokwisha kukatwa kimakosa. Anayeomba kusimamishiwa peke yake husimamishiwa, na yaliyopita huwa yamepita. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inatambua kwamba mlipaji aweza kudai alicholipa kupita kiasi. Lakini madai ya kodi huwekewa ukomo wa muda, kwa hiyo asiyeharakisha hujinyima mwenyewe.

Nne, barua iwe na nakala. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na kurudi nyumbani. Mwaka 2021 maombi haya yalielekezwa ofisi za TRA. Kwa kuwa kodi hii imekwisha kuhamishwa zaidi ya mara moja kati ya halmashauri na TRA, ni vema kuanzia kwa mtendaji wa kata, atoe maelekezo ya ofisi inayohusika.

Tano, tusitoe chochote chini ya meza. Ukinunua haki yako, umemfundisha aliyekuuzia kumwuzia na mwenzako.

5. WAJIBU WETU

Ndugu viongozi, tatizo kubwa ni nauli. Mzee wa Sepuka, wa Ihanja au wa Mungaa akifunga safari mara mbili kwenda Singida mjini kwa ajili ya 18,000, huenda nauli ikala dai lote. Ndiyo maana wengi, hata wanaojua haki yao, huamua kunyamaza. Peke yake mzee hawezi. Pamoja twaweza.

Tunapendekeza kila jumuiya iandikishe wazee na wenye ulemavu wote wenye mita, bila kujali dhehebu wala dini. Vijana wanaojua kuandika watayarishe barua. Parokia ikusanye maombi yote, na wajumbe wawili wayapeleke kwa siku moja, wakirudi na nakala zenye muhuri.

Pamoja na hayo tuonyane. Msamaha umewekwa kwa ajili ya mzee na nyumba yake ya kuishi. Kijana mwenye nyumba ya kupangisha asiandikishe jina la bibi yake ili akwepe. Orodha yetu ikiwa na uongo mmoja, ofisi itakuwa na sababu ya kutilia shaka madai yote, na watakaoumia ni wenye haki.

HITIMISHO

Sheria inaposamehe, imefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuufikisha msamaha huo hadi kwa aliyelengwa, naye mara nyingi hana miwani ya kusomea risiti. Nusu hiyo imeachwa mikononi mwetu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya
1. Katika jumuiya yetu ni wazee wangapi wana mita za LUKU? Nani amewahi kuwasomea risiti zao?
2. Ni nyumba zipi zina mita zaidi ya moja, na zote zinakatwa kodi?
3. Nani ataandika barua, nani atazipeleka, na kabla ya tarehe gani?