Elimu kwa Watoto Wote: Safari ya Nchi ya Buha



Usharika unapotimiza miaka mia moja, ni desturi kuhesabu majengo na waliobatizwa. Yafaa kuhesabu pia watoto waliopata kusoma, na kuuliza ni nini kilichowazuia wale waliokosa.

Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti yake. Mpango huo ulizifaa zaidi sehemu zilizokwisha kuwa na shule, kama Kilimanjaro na Bukoba, ambako kahawa iliwapa wazazi fedha za ada. Nyanda za Buha zilihesabiwa kuwa nchi ya kutoa vibarua. Vijana wa Kibondo na Kasulu waliandikishwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Nchi iliyotakiwa kutoa mikono haikupewa shule kwa haraka.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Tanganyika nzima ilikuwa na wanafunzi wa shule za msingi wapatao 486,000 tu. Ubaguzi wa rangi shuleni uliondolewa, lakini ulibaki ubaguzi wa mahali na wa dini. Mtoto wa Kiislamu, au wa wilaya isiyo na misheni kubwa, alikuwa na nafasi ndogo.

Ndipo ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule za misheni zilizopata ruzuku zikawa za umma. Makanisa yalisikitika, kwa kuwa yalizijenga kwa jasho na sadaka. Hata hivyo, ukiutazama uamuzi huo kutoka Buha, sura yake ni nyingine. Shule zikiwa za umma, serikali iliweza kugawa walimu na nafasi za sekondari kwa mikoa yote. Hasara ya wenye shule nyingi ilikuwa faida ya wasio nazo, na Kanisa linalohubiri haki halina budi kulikiri hilo.

Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, na watu waliokaa mbalimbali wakahamishiwa vijijini, wengine bila hiari yao. Katika vijiji hivyo shule zilijengwa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha. Ubora ulipungua, lakini nyumba nyingi zilipata msomaji wa kwanza wa barua.

Hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 ilirudisha ada na michango, na watoto wa maskini wakabaki nyumbani. Ada ya shule za msingi ilifutwa tena mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ilifika kidato cha nne.

Tangu 2012 Kakonko ni wilaya kamili, iliyomegwa kutoka Kibondo. Wilayani humo kambi ya Mtendeli ilipokea wakimbizi wa Burundi mpaka ilipofungwa mwaka 2021, na watoto wao nao walihitaji madarasa. Novemba mwaka huohuo Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa pia Mbunge wa Kasulu Mjini, alitangaza kuwa wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi shuleni.

Historia hii inaonyesha kwamba kufuta ada ni kufungua mlango tu. Mtoto anayetembea mwendo mrefu bila chakula, msichana anayerudi darasani akiwa na mtoto nyumbani, na mlemavu asiyeweza kuingia darasani, bado wako nje ya mlango huo. Usharika unaoingia karne ya pili hauna haja ya kumiliki shule ili uwasaidie. Unaweza kuwatafuta nyumba kwa nyumba, kuwapokea wasichana hao bila kuwasema, na kuzichangia shule za umma ambamo watoto wa imani zote huketi dawati moja.