Maji ya Farumi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa maji matamu na ya chumvi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, huenda msikilizaji akastaajabu: sisi wa Chamwino, tunaofukua mchanga wa makorongo kutafuta maji, tuna shauri gani na meli? Tustahimiliane kidogo.

Majahazi ya wazee wetu yalitiwa farumi ya mawe au mchanga, ili chombo kitupu kisipinduke. Farumi ya meli za leo ni maji. Meli ikishusha shehena huvuta maji ya bandari ile, na ikifika kwingine kupakia huyamwaga, pamoja na mayai na mbegu za viumbe vya mbali. Ndivyo kiumbe laini mithili ya konyeza kilivyotoka pwani ya Amerika hadi Bahari Nyeusi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilikula mayai ya samaki na chakula chao, na kabla ya mwongo kwisha uvuvi wa huko ukaanguka.

Mataifa yaliafikiana London mwaka 2004 juu ya mkataba wa kuzuia dhara hii, nao ulianza kutumika tarehe 8 Septemba 2017. Meli zatakiwa kuyasafisha maji hayo kabla ya kuyamwaga. Ni sheria njema. Lakini usiku, baharini, mkaguzi yuko wapi?

Mtume wetu (S.A.W.) alipiga mfano wa abiria wa chombo kimoja, wengine juu, wengine chini. Wa chini walitaka kutoboa tundu wapate maji, wasiwasumbue wenzao. Tazameni: hawakukusudia uovu! Hata hivyo, wangeachwa, wote wangeangamia.

Nasi tunalo Bwawa la Mtera. Gugu maji, lenye asili ya Amerika ya Kusini, lilienea Ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Halikuletwa na meli. Watu walilisafirisha nchi kwa nchi kwa kupenda ua lake, na baadaye likaziba bandari na kuwanyima wavuvi riziki. Mvuvi atokaye Mwanza kuja Mtera na nyavu mbichi aweza kubeba kipande chake bila kujua. Basi azisafishe, azianike zikauke kabisa, ndipo azitie majini, ijapokuwa hakuna amwonaye ila Mola wake.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi.