Safari Kumi na Mbili kwa Mwaka: Uzee Pembezoni mwa Jiji



Ramani ya Mkoa wa Pwani humpa matumaini mpangaji wa huduma za afya. Kisarawe, Mkuranga na Kibaha zimepakana na Dar es Salaam. Hospitali ya Tumbi ipo, ya Mloganzila ipo, na ya Muhimbili nayo si mbali. Akiulizwa habari za wazee wa vijijini, mawazo yake hukimbilia visiwa vya Ukerewe au nyika za Loliondo. Nitakayoyasema jioni hii ni kwamba ramani hiyo inampotosha, kwa sababu inapima safari moja tu. Mwenye malaria huenda zahanati, akapewa dawa, akapona, yakaisha. Mzee mwenye presha au kisukari atarudi mwezi ujao, na ujao, hadi mwisho wa maisha yake. Kilomita kumi kwenda na kumi kurudi, mara kumi na mbili, ni kilomita 240 kwa mwaka, yaani kutoka Dar es Salaam hadi kuipita Morogoro, tena kwa magoti yanayouma. Tumezoea kuuliza kituo kiko kilomita ngapi. Kwa mzee, swali lenye maana ni atakwenda mara ngapi.

Wala tusidhani presha ni maradhi ya watu wa mjini. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2013, ulikuta karibu watu 7 kati ya 10 wenye miaka 70 na kuendelea wana shinikizo la juu la damu. Pwani inaongeza jambo jingine juu ya hilo, nalo ni kasi ya ujenzi. Sensa ya 2012 iliuhesabia mkoa huo watu 1,098,668. Ile ya 2022 ikawakuta 2,024,947. Wengi wanaohamia pembezoni mwa jiji ni watu wenye nguvu zao, wamenunua kiwanja, wanajenga na kulea. Kliniki ya mama na mtoto inajaa, na ni haki yake kujaa, lakini benchi ni lilelile. Huku nyuma shamba la mikorosho na minazi limekatwa viwanja. Fedha ya kiwanja huja mara moja na kuisha. Korosho ilikuwa ikirudi kila msimu, na nauli ya kliniki ikitoka humo. Mji umemsogelea mzee na kumwachia ugonjwa wa kila mwezi bila kipato cha kila mwaka.

Nitajibiwa kwamba wazee wanatibiwa bure. Ni kweli, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na msamaha wa matibabu kwa asiyejiweza upo, na vitambulisho hutolewa. Sibezi hata kidogo. Lakini tumfuate bibi wa miaka 74 siku yake ya kliniki. Daftari limo kikapuni, nauli ameifunga kwenye pindo la kanga. Hawezi kupanda bodaboda peke yake, kwa hiyo ni lazima mjukuu amsindikize. Ama wapande mshikaki, abiria wawili pikipiki moja, kinyume cha sheria, ama wakodi pikipiki mbili. Mjukuu amekosa shule au kibarua. Wanafika, kipimo kinafungwa mkononi, namba inaandikwa, kisha wanaambiwa dawa imekwisha, wakanunue nje. Duka la dawa halitambui msamaha. Bibi ananunua vidonge kumi badala ya thelathini, na anavimeza siku kisogo kinapouma tu. Mwezi unaofuata daftari litaandikwa kwamba mgonjwa hafuati maelekezo, sentensi ambayo ningependa ipigwe marufuku mpaka aliyeiandika aulize nauli. Matibabu hapa yalikuwa bure kweli. Gharama ilikuwa njiani na dukani.

Pingamizi la pili husema wazee wanapenda waganga. Wapo wanaokwenda, na wengi hutumia kotekote bila kuona mgongano wowote. Ila mganga anakaa jirani, anasikiliza kwa kituo, na mara nyingi hukubali kulipwa kidogokidogo. Kabla ya kuziita hizo imani potofu, tukiri kwamba ni huduma nzuri kwa mteja, tuliyoshindwa kuiga. Ama hoja kwamba watoto walio mjini watawatunza, nitaipita upesi: mtoto hutuma pesa kwa simu mama akianguka, wakati dawa ya presha hutakiwa kabla hajaanguka.

Linalowezekana tumeshalifanya kwa ugonjwa mwingine. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hali zao zikitulia, hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, kwa mkupuo. Safari kumi na mbili zikawa nne au mbili. Nakubali kwamba dawa zile zilikuwa na wafadhili na mnyororo wake wa ugavi, na kwamba zahanati inayokosa dawa za mwezi mmoja haiwezi kugawa za miezi mitatu. Hilo linatuonyesha pa kuanzia, yaani orodha ya dawa za ngazi ya zahanati na fedha za kuzinunua, kabla ya jengo jingine la wodi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa mwaka 2024, wanapita nyumba kwa nyumba. Wakiwa na kipimo cha presha chenye betri nzima, na ruhusa ya kumkabidhi mzee vidonge ambavyo daktari amekwisha kuviandika, mjukuu atabaki shuleni siku hiyo.