Kabla ya Kutupa Skrini, Angalia Waya
Nakala ya hotuba kwa wakazi wa Plateau, Kaunti ya Uasin Gishu



Siku hizi leseni ya udereva, cheti cha tabia njema na ushuru wa KRA vyote hupitia kwenye kompyuta. Anayechapa akiwa mbele ya skrini yenye ukungu, 3 huonekana kama 8, na fomu hutumwa ikiwa na nambari ya kitambulisho ya mtu mwingine. Lawama huangukia skrini: imezeeka, inunuliwe mpya. Kumbe mara nyingine kosa liko kwenye waya, ambao bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya skrini.

Mwaka wa 2015 mitambo ya analogi ya televisheni ilizimwa nchini Kenya. Mwenye televisheni ya zamani hakulazimika kuitupa. Alinunua king'amuzi, nacho kikapokea mawimbi ya dijitali na kuyageuza yaeleweke na televisheni ile. Nyuma ya kompyuta mambo ni yaleyale.

Tundu la VGA, lenye nafasi 15 katika safu tatu na aghalabu rangi ya buluu, lilianza na kompyuta za IBM mwaka wa 1987. Hilo ni la analogi. Kompyuta huigeuza picha kutoka tarakimu kuwa umeme unaopanda na kushuka, kisha skrini bapa huigeuza tena kuwa tarakimu. Katika kugeuzwa huko mara mbili, hasa waya ukiwa mrefu au hafifu, herufi hupoteza makali. HDMI na DisplayPort ni za dijitali: picha husafiri kama tarakimu hadi mwisho wa safari. Tena hubeba sauti, jambo ambalo VGA haliwezi.

Basi mwananchi afanye nini?

Kwanza, achungulie nyuma ya kompyuta na nyuma ya skrini. Pande zote mbili zikiwa na tundu la dijitali la aina moja, atumie hilo. Skrini nyingi za mitumba zilizotoka maofisini zina VGA pamoja na tundu la dijitali, ila huuzwa na waya wa VGA pekee.

Pili, ikiwa upande mmoja una VGA tu na mwingine HDMI tu, anahitaji kigeuzi. Hapa ndipo pesa hupotea. Kigeuzi cha kutoa picha kwenye kompyuta ya HDMI kuipeleka kwenye skrini ya VGA hakifanyi kazi kinyume chake. Muuzaji aambiwe wazi: kompyuta ina tundu gani, skrini ina lipi. Anayetoka kwenye VGA kwenda HDMI aulize pia kama kigeuzi kina waya wa USB wa kukipa umeme, kwa kuwa kwa kawaida huuhitaji.

Tatu, ikiwa pande zote ni VGA, skrini isitupwe. Zima mashine, kaza skurubu mbili za waya, kisha washa na ubonyeze kitufe cha kujirekebisha kwenye skrini. Halafu ingia kwenye mipangilio ya kompyuta na uchague kipimo cha skrini hiyo, kwa mfano 1920 kwa 1080. Pini moja ikikosekana katikati ya waya wa VGA, usishtuke; nyingi hutengenezwa hivyo. Pini iliyopinda ndiyo ya kuogopa.

Vikundi vinavyokwenda mjini Eldoret kununua skrini viombe ziwashwe dukani, na ukurasa wenye maandishi madogo ufunguliwe kabla ya kulipa. Pesa za kikundi zimetoka kwenye mahindi na maziwa. Zisiishie kwenye skrini mpya wakati iliyopo ilihitaji waya tu.