Saini Elfu Moja: Kijana Anapoomba Kura Bila Chama



Nimeombwa nizungumzie asili ya kiongozi kijana na moyo wake wa kuutumikia umma. Nitamtumia mtu mnayemfahamu: John Paul Mwirigi, aliyechaguliwa mbunge wa Igembe Kusini, Kaunti ya Meru, tarehe 8 Agosti 2017. Alikuwa na miaka 23, mgombea huru, angali mwanafunzi wa ualimu katika Chuo Kikuu cha Mount Kenya.

Matokeo yalipotangazwa, wanahabari walikimbilia nyumbani kwao kupiga picha za umaskini. Habari ikawa tamu, lakini naona ilitupotosha. Umaskini si sifa ya uongozi. Tunawajua waliokulia kwenye dhiki ambao, siku ya kwanza ndani ya gari la serikali, walipandisha vioo.

Cha kutazama ni jinsi kura zilivyopatikana. Ibara ya 99 ya Katiba ya Kenya inamtaka mgombea huru wa ubunge aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 1,000 waliosajiliwa katika eneobunge lake. Mwenye chama hupewa cheti cha uteuzi. Asiye na chama hana budi kuzunguka. Na kila saini ina mwenyewe, ambaye kabla ya kushika kalamu atauliza: wewe ni mtoto wa nani, na ukishapata utarudi lini? Mwirigi hakuwa na gari wala mabango. Alitembea kwa miguu, na watu wa kawaida wakamchangia walichokuwa nacho. Igembe ni nchi ya miraa, na Uingereza ilikuwa imefunga soko lake tangu 2014. Anayepita huko kwa miguu husikia malalamiko ambayo mwenye helikopta hayasikii.

Hapo ndipo utumishi unapoanzia, kwa maoni yangu: kwenye swali la nani aligharimia kampeni. Tajiri akikulipia, simu yake ndiyo utakayoipokea kwanza.

Mwaka 2022 Mwirigi alirudi bungeni, safari hii kwa tiketi ya chama cha UDA. Wapo waliosononeka. Mimi sioni kosa katika kujiunga na chama, maana bungeni mbunge huru ni yatima mbele ya vyama vikubwa. Ila mtu akishapata chama, mpiga kura ana haki ya kumuuliza upya: sasa unamsikiliza nani? Jibu wanalo watu wa Igembe Kusini, si sisi wa ukumbini.

Kwenu mnaowania uwakilishi wadi: Ibara ya 193 inadai saini 500 tu, na Ibara ya 85 inamtaka mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Anayekusudia kwa dhati aanze kubisha hodi sasa, na asiende na bahasha.