Kijiji cha Kijani Huanza na Makubaliano

Nakala ya hotuba ya afisa wa mazingira kwa wakazi wa pwani ya Kaunti ya Kwale



Mmetuita kwa swali moja: kijiji kitatunzaje mazingira na watu wake bado wapate riziki? Mfano hauko mbali. Uko Gazi na Makongeni, hapa hapa Kwale.

Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa sana kwa kuni za viwandani, sehemu nyingine zikabaki tupu. Baadaye wakazi walishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, kuipanda upya. Tangu 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 hivi za mikoko na kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa kwenye miti na matope yake. Fedha hizo zimeleta maji kijijini na vitabu shuleni. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wameifuata njia hiyo.

Lakini ndugu zangu, miche peke yake haijengi kijiji. Ukimkataza mtu kukata mkoko, mwambie pia atapikia nini na ataezekea nyumba kwa boriti gani. Ndiyo maana kule Gazi mivinje imepandwa nchi kavu, ipatikane kuni na miti ya kujengea. Na matumizi ya fedha hujadiliwa na wanakijiji wenyewe, si watu wawili faraghani.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu.

Kwanza, undeni chama cha msitu cha jamii na mkisajili. Sheria ya Misitu ya 2016 inawaruhusu kushiriki katika usimamizi wa msitu wa umma pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, KFS.

Pili, tengeni shamba la kuni kabla hamjafunga sehemu yoyote ya msitu. Akina mama waulizwe kwanza, maana wao ndio wanaojua mzigo wa kuni.

Tatu, msikubali kutia sahihi kwa haraka. Wanunuzi wa kaboni watakuja. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyorekebishwa 2023, inataka pawe na mkataba wa maendeleo ya jamii. Katika miradi ya ardhi, jamii hupata kila mwaka angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutoa gharama. Mkiletewa karatasi, zileteni ofisi ya mazingira ya kaunti, kisha zisomwe barazani kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msitu ni mali yenu. Wekeni daftari, na kila mkazi awe na haki ya kulifungua.